Namna ya Kusoma Riwaya Yenye Lahaja Usiyoizoea

Mara ya kwanza kujaribu riwaya ya Zanzibar iliyojaa mazungumzo ya Kiunguja, nilijitayarisha kama anayekwenda kufanya mtihani: kamusi gotini, penseli mkononi, daftari pembeni. Masimulizi yalinipa raha. Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha shule nilichokulia nacho huku bara. Taabu ilianza wahusika walipofungua midomo. Mtu anaulizwa bwana fulani yuko wapi, naye anajibu kwamba bwana huyo "kenda" mahali. Nikafungua kamusi kwenye K. Kenda: tisa. Nikarudi kitabuni, nikaijaribu tisa ndani ya ile sentensi, mbele na nyuma, haikuingia. Nilipofika ukurasa wa thelathini, daftari lilikuwa na maneno zaidi ya sitini, na zaidi ya nusu yake kamusi haikuyajua. Nikakifunga kitabu. Kikakaa rafuni miaka miwili.

Kenda ile haikuwa tisa. Ilikuwa "kaenda", yaani "ameenda". Kitenzi nilikuwa nakijua tangu utoto, ila sikukitambua kwa sababu kilivaa nguo nyingine. Karibu kila kilichonishinda katika kitabu kile kilikuwa cha namna hiyo, na ndiyo sababu ya kuandika mwongozo huu. Ni wa msomaji aliyefundishwa Kiswahili sanifu, akakutana na riwaya ya visiwani au ya mwambao ambayo kila mtu anaisifu, naye haoni utamu wake. Nachukulia kwamba masimulizi ya kitabu chako ni ya sanifu na lahaja imo zaidi katika vinywa vya wahusika, kwa kuwa nyingi ndivyo zilivyo.

Hatua ya 1: Jua lahaja yenyewe ni ya wapi

Usianze kabla ya kujua hili. "Lahaja" si kitu kimoja. Kuna Kiunguja cha mjini Zanzibar, na kisiwani humohumo kuna Kimakunduchi upande wa kusini na Kitumbatu upande wa kaskazini. Kuna Kipemba. Ukivuka kwenda mwambao kuna Kimtang'ata kwenye pwani ya Tanga, Kimvita cha Mombasa, Kiamu cha Lamu, Kibajuni juu yake, hadi Chimwiini cha Barawa, Somalia. Litazame hilo jina la mwisho: sisi tungesema "Ki-", wao wanasema "Chi-". Hapo hapo umeshapata kanuni moja ya sauti bila kufungua kitabu.

Mahali ni muhimu kwa sababu umbo moja linaweza kuwa na maana mbili katika pwani mbili. Chukua "nti". Kwa mtu wa Lamu, na katika tenzi za kale za huko, nti ni nchi. Kwa Mpemba anayezungumza kwa kasi, nti ni mti. Msomaji asiyejua mhusika ametoka wapi atapanda mti mahali palipotajwa nchi nzima.

Kupata jibu hakuchukui dakika tano. Soma maelezo ya jalada la nyuma uone mwandishi alizaliwa wapi. Kisha pitia sura ya kwanza ukitafuta majina ya mitaa, vijiji na bandari tu. Yaandike ndani ya jalada kwa penseli. Mimi huandika na jina la lahaja juu yake, ili nisisahau nikikiacha kitabu kwa wiki.

Hatua ya 2: Acha kuisoma kama makosa

Hii ni ya moyoni zaidi kuliko ya mikono, lakini usipoipita, zinazofuata hazitakufaa. Miaka ya shule imetufundisha kuona "alokuja" na kusikia kalamu nyekundu ikipita. Tunaposoma riwaya, kalamu ile bado inatembea kichwani, na mtu hawezi kufurahia maneno anayoyasahihisha.

Kumbuka historia ilivyokwenda. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha pamoja cha Afrika Mashariki, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kuisimamia kazi hiyo. Sanifu imetokana na kunyoosha lahaja, hasa hiyo ya mjini Unguja. Lahaja hazikutokana na watu kushindwa sanifu. Kamusi kubwa ya Ludwig Krapf, iliyotoka mwaka 1882, ilikuwa imejaa Kimvita, kwa sababu ndicho alichokisikia Mombasa. Mambo yangekwenda vingine, pengine leo watoto wangekuwa wanasahihishwa waandike "ndia" badala ya "njia".

Kwa hiyo ukiona umbo geni, jiulize swali moja tu: huyu anafuata kanuni gani? Usijiulize amekosea wapi.

Hatua ya 3: Soma kwa sauti

Kama una nafasi ya kufuata hatua moja tu katika hizi zote, fuata hii.

Jioni moja nilimpelekea kitabu kile kilichonishinda mama mmoja wa Kipemba tuliyepanga naye nyumba moja. Alikuwa kibarazani anachambua mchele, ungo mapajani. Nilimwomba anieleze sentensi moja. Hakunieleza. Alifuta mikono kwenye kanga, akakishika kitabu mbali kidogo na macho, akaanza kusoma toka juu ya ukurasa kwa sauti, kama anayemhadithia jirani habari za jana. Hakusoma kama tulivyozoea kusoma darasani, kila neno kwa zamu yake. Maneno yake yaliegemeana, mengine yakamezwa nusu, mengine yakavutwa. Ile sentensi yangu aliipita bila kusita, nami nikajikuta nacheka, maana kumbe ilikuwa na kichekesho. Nilikuwa nimeitazama mara kumi bila kukiona.

"Mwanangu, haya maneno ya kusikiwa," akaniambia. "Ukiyatazama tu, yatakukodolea macho."

Alikuwa amesema jambo lote. Lahaja nyingi hazina tahajia iliyokubaliwa. Mwandishi anachukua herufi zilizopangwa kwa ajili ya sanifu na kujaribu kunasa nazo sauti ya mtu aliyemsikia akizungumza. Anakata neno, anatia ritifaa (alama hii: '), anaunganisha mawili. Jicho likiyaona matokeo yake, huona kitu kigeni. Sikio lililokua na Kiswahili cha aina yoyote linatambua.

Basi fanya hivi. Chukua ukurasa wenye mazungumzo mengi. Soma kwa sauti kwa mwendo wa maongezi, si wa taarifa ya habari. Usisimame kwenye neno usilolijua. Lipite kwa sauti hiyohiyo kama unalijua. Ukimaliza ukurasa, rudi juu uusome tena kwa sauti. Mara nyingi ni katika mara ya pili ndipo maneno yanapoanza kufunguka, na yanafunguka kwa vikundi.

Kinachowasumbua wengi hapa ni ile n' yenye ritifaa. Wanaitia irabu, au wanaimeza kabisa. Itamke kama unavyotamka m ya "mtu" au n ya "nchi": ni silabi inayosimama yenyewe, ikitokea puani. Jina la riwaya maarufu ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, ni zoezi tosha: Vuta N'kuvute. Sema "vuta", funga kwa n fupi, kisha "kuvute". Kwa sanifu ni "vuta nikuvute". Ile i imeanguka, n imebaki kubeba kazi yote. Hata "mtu" wetu wa sanifu alipitia njia hiyo, maana zamani alikuwa na irabu baada ya m. Tumemzoea tu, ndiyo maana hatuoni ritifaa.

Angalia pia ritifaa imekaa wapi. Katika "ng'ombe" iko baada ya g, na hiyo ni sauti moja. Katika "n'gawe", yaani "nigawe", iko kabla ya g, na hapo n imesimama peke yake. Wachapaji wengine huziacha ritifaa kabisa, ukabaki na "ntakuja" na "nkamwambia". Sauti ni ileile.

Hatua ya 4: Jifunze funguo chache

Baada ya sikio kuzoea, ipe akili kazi kidogo. Lahaja ina kanuni, na kanuni zinazojirudia katika mazungumzo ya riwaya si nyingi. Ukizijua tano au sita za lahaja husika, umeshapata sehemu kubwa ya kitabu.

Nitaonyesha kwa Kiunguja, kwa kuwa ndicho utakachokutana nacho zaidi. Maneno haya nimeyatunga mwenyewe, hayatoki katika kitabu chochote. Mwanamke anamlalamikia shoga yake:

"Ah, huyo keshakwenda zake, n'nakwambia! Kanambia atan'ngoja, mie n'lipofika n'kaikuta milango ishafungwa, hapana hata paka alokuwepo. S'japata kuona mtu asokuwa na haya kama huyu."

Tulifungue polepole.

Ufunguo wa kwanza ni ka- mwanzoni mwa kitenzi. Kwa nafsi ya tatu umoja, ka- inasimama mahali pa "ame-". Kafika ni amefika, kalala ni amelala, kanambia ni ameniambia. Usiichanganye na -ka- ya masimulizi: "akafika" ni tukio linalofuata jingine, "kafika" ni jambo lililokwisha tendeka na matokeo yake yapo. Tofauti hii huamua nani yuko chumbani na nani hayupo, kwa hiyo ishike vizuri.

Wa pili ni -sha-. "Amekwisha" imefupishwa hadi mzizi wake tu. Keshakwenda ni amekwisha kwenda. Kwa nafsi nyingine: n'shachoka, ushafika, washalala, ishafungwa. Huu hata mitaa ya bara wanautumia kila siku, ila wakiuona kitabuni wanashtuka.

Wa tatu ni n' tuliyokwisha igusa, pamoja na mwenzake s': n'nakwambia, n'lipofika, n'kaikuta. Hiyo n' inaweza pia kujificha katikati ya neno ikiwa ni mtendwa: atan'ngoja ni ataningoja. Na s'japata ni sijapata.

Wa nne ni -o- ya urejeshi iliyobeba zaidi ya mzigo wake. Alokuwepo ni aliyekuwepo. Walokuja ni waliokuja. Ilopita ni iliyopita. Kwa kukanusha, asokuwa ni asiyekuwa. Ukiona -lo- au -so- mahali ambapo ungetarajia -liye-, -lio- au -siye-, usihangaike, ndiyo hiyo.

Sasa hesabu. Katika sentensi zile fupi kuna maumbo kumi na moja ambayo msomaji wa sanifu angeyapigia mstari. Hakuna hata moja lenye mzizi mpya. Kwenda, kuambia, kungoja, kufika, kukuta, kufunga: yote ni maneno ya darasa la kwanza. Ndiyo maana kamusi yangu ilishindwa kunisaidia. Nilikuwa natafuta n'lipofika kwenye N.

Kabla ya kuendelea, fanya jambo moja. Iandike sentensi ile kwa sanifu:

"Ah, huyo amekwisha kwenda zake, ninakwambia! Ameniambia ataningoja, mimi nilipofika nikaikuta milango imekwisha fungwa, hapana hata paka aliyekuwepo. Sijapata kuona mtu asiyekuwa na haya kama huyu."

Zisome zote mbili kwa sauti, moja baada ya nyingine. Maana haikupotea. Lakini yule mwanamke wa kwanza ana pumzi fupi, ametoka kutembea juani kwa hasira, bado hajakaa. Wa pili amekaa kwenye kiti, anatoa ushahidi. Mwandishi wa riwaya humtaka yule wa kwanza. Tangu nilipoona tofauti hii sikutamani tena riwaya zile ziandikwe kwa sanifu tupu.

Ukienda Pemba, ongeza ufunguo mmoja: m ya mwanzo hugeuka n mbele ya baadhi ya konsonanti. Mtu anakuwa ntu, mke anakuwa nke. Hapo n ina kazi mbili, ya "ni-" na ya "m-", na sentensi ndiyo itakayokuambia ipi ni ipi.

Ukienda kaskazini, Mombasa na Lamu, funguo hubadilika. Ch ya sanifu mara nyingi ni t: macho ni mato, machozi ni matozi, mchele ni mtele, nchi ni nti. Nj ni nd: njia ni ndia, njaa ni ndaa, njoo ni ndoo. Nilipokutana na mhusika anayeambiwa "ndoo hapa", nilitafuta aya nzima ni nani aliyekuwa akichota maji. Huko Lamu j nayo hulainika ikawa y: moja ni moya, ngoja ni ngoya, kuja ni kuya, jana ni yana, jambo ni yambo. Na vi- ya wingi huwa zi-: vitu ni zitu, vita ni zita, vyombo ni zombo. Kwa Mombasa, mhusika anayekuja anaweza kuwa "yuaja".

Usizikariri hizi zote. Chukua za lahaja yako tu, ziandike kwenye kipande cha karatasi, kifanye alama ya kurasa. Kila ukikwama, macho yako yatapita hapo. Baada ya sura tatu nne hutakitazama tena, kitabaki kukuonyesha ulipoishia.

Hatua ya 5: Tenganisha maneno yaliyobadilika umbo na maneno mapya

Sasa kamusi inaweza kurudi mezani, kwa kazi yake inayoifaa. Baada ya kuondoa vifupisho vyote, yatabaki maneno ambayo kweli huyajui. Yapange hivi kichwani.

Yako ya vitu vya kawaida vyenye jina jingine. Visiwani shule ni skuli, nyanya ni tungule, viazi mviringo ni mbatata. Haya yanajieleza kutokana na mahali yalipo. Mtu anakata tungule akizitia kwenye mchuzi, huhitaji kamusi.

Yako ya vitu ambavyo huenda kwenu havipo au havitumiki: upawa wa kifuu wa kuchotea mchuzi, pakacha la makuti, vyombo vya bahari na sehemu zake. Hapa inafaa kutafuta, tena kutafuta picha ikiwezekana, kwa kuwa riwaya nyingi za pwani hujenga hali ya mtu kwa vitu alivyonavyo nyumbani. Mwandishi akikuambia mgeni kakalishwa juu ya jamvi na si kitini, amekueleza habari ya nyumba nzima.

Yako ya wakati, nayo watu huyapuuza bure. Siku hupimwa kwa sala: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Mtu anayesema "tuonane baada ya alasiri" ametoa saa kamili. Na mwaka hupimwa kwa pepo na mvua. Kaskazi ni upepo wa kuanzia kama Desemba hadi Machi, ndio uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huvuma katikati ya mwaka na kuyarudisha. Masika ni mvua kubwa, vuli ni mvua ndogo, kipupwe ni kipindi cha baridi. Mhusika akisema mumewe aliondoka na kusi na hii ni kaskazi ya pili, fanya hesabu: amesubiri zaidi ya mwaka. Mwandishi hatakufanyia hesabu hiyo, na uchungu wote umo humo.

Hatari hasa iko kwenye maneno unayodhani unayajua. Shoga katika maongezi ya wanawake wa pwani ni rafiki wa kike wa mwanamke mwenzake, hakuna zaidi. Bwana mara nyingi ni mume. Mwalimu anaweza kuwa wa chuo cha Kurani na si wa skuli. Na kaskazini, "akateka" huenda ni "akacheka", "nimetoka" huenda ni "nimechoka". Neno geni hukusimamisha, ukajua kwamba hujui. Neno la namna hii hukupitisha ukiwa na maana isiyo yake, ukaja kushangaa kurasa kumi mbele. Kwa hiyo sentensi yenye maneno rahisi ikikosa maana, shuku neno rahisi kuliko yote lililomo.

Kuhusu kamusi zenyewe: kwa Kiswahili cha visiwani, Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar, la mwaka 2010, litakufaa kuliko kamusi nyingi za shule. Baraza hilo limetoa pia kamusi za Kipemba, Kimakunduchi na Kitumbatu. Kamusi ya kale ya Charles Sacleux, ya mwaka 1939, inaonyesha neno ni la lahaja ipi, na mimi naistahi sana, ila maelezo yake ni ya Kifaransa.

Tafuta maneno baada ya kumaliza sura, usitafute katikati. Pigia mstari mdogo, endelea. Ukirudi mwishoni utakuta mengi yamekwisha jieleza, yamebaki matano au sita. Hayo ndiyo ya kutafuta.

Hatua ya 6: Sikiliza nani anasema na nani

Hapa ndipo shida inapogeuka raha, na wengi hawafiki kwa sababu wameishia kwenye maneno.

Mwandishi anayeweza kuandika sanifu, na masimulizi yake yanaonyesha anaiweza, akichagua kumpa mhusika lahaja amekusudia jambo. Sura mbili tatu za mwanzo, tazama: ni nani anaizungumza na nani haizungumzi? Mara nyingi utakuta mgawanyiko: wazee na vijana, shamba na mji, jikoni na ofisini, wenye kusoma na wasiosoma.

Kisha tazama anayebadilika. Kuna mtumishi ambaye mbele ya bwana wake hunyoosha kila neno, "nimekwisha fanya, bwana", na akirudi kwa wenzake kibarazani ni "n'shafanya". Kuna kijana aliyerudi kutoka masomoni akajibu kwa sanifu kila mama yake anaposema naye kwa lahaja ya kijijini. Hakuna mahali mwandishi ameandika kwamba kijana anamwonea haya mama yake. Ameiweka katika viambishi. Siku kijana huyo atakapoteleza na kujibu kwa lugha ya mama, labda kwenye msiba, labda kwa hofu, utajua kimemtokea nini kabla hujaambiwa.

Weka alama pembeni ya ukurasa kila mhusika anapobadili lugha. Nukta tu ya penseli inatosha. Ukimaliza kitabu, pitia nukta zako. Mimi nimeona kwamba nyingi hukaa palepale pa mabadiliko makubwa ya hadithi.

Angalizo moja. Katika riwaya za Zanzibar kuna wahusika wageni, Wahindi, Waarabu, Wazungu, wanaozungumza Kiswahili kilichovunjika: upatanisho wa ngeli haupo, "iko" imewekwa kila mahali. Hiyo si lahaja, wala usijaribu kuitafutia kanuni za lahaja. Inakueleza mahali pa mtu huyo katika mji ule, na inafaa kuisoma kwa macho mengine, hasa ukijiuliza kama mwandishi anamtendea haki au anamfanyia dhihaka.

Hatua ya 7: Lisha sikio nje ya kitabu

Kama humjui hata mtu mmoja wa lahaja hiyo, utasoma kwa sauti uliyoibuni kichwani, na huenda ikakupoteza. Sikiliza redio za Zanzibar, hasa vipindi ambamo wasikilizaji hupiga simu, kwa kuwa mtangazaji huongea sanifu na mpigaji huongea cha kwao. Tafuta mahojiano ya Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyefariki mwaka 2013. Nusu saa ya mazungumzo yake ni darasa. Vuta N'kuvute imefanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, na ukitaka kusikia mahali pa riwaya hiyo, itazame. Ningeshauri usome sura chache kwanza, sikio liwe na la kutambua.

Na ukiwa na mzungumzaji jirani, usimpelekee orodha ya maneno. Mpelekee ukurasa, umwombe akusomee.

Hatua ya 8: Mwendo wako, na ruhusa ya kuacha

Sura mbili za kwanza soma polepole mno, kurasa tano au sita kwa siku, zote kwa sauti. Huko ndiko unakolipa ada. Kuanzia ya tatu soma kama unavyosoma kitabu kingine chochote, na sauti uirudishe pale tu mazungumzo yanapokuwa mazito. Usiandike tafsiri ya sanifu juu ya mistari. Ukishafanya hivyo jicho litasoma tafsiri na kuiacha sentensi yenyewe.

Ukifika sura ya nne na bado kila ukurasa ni mapambano, kiweke chini bila kujilaumu, uchukue kitabu kingine cha lahaja hiyohiyo chenye mazungumzo machache zaidi, au hadithi fupi. Kuna pia kitabu ambacho lahaja umeielewa vizuri na bado hukipendi, kwa kuwa hadithi yake haikukugusa. Hilo ni jambo jingine, na una haki nalo.

Ukikimaliza, rudi siku hiyohiyo kwenye kurasa kumi za mwanzo, zile zilizokutoa jasho. Zisome mara moja bila karatasi ya funguo. Mimi niliporudi kwenye kitabu changu nilikuta lile neno "kenda" nimelizungushia duara mara mbili, na pembeni nimeandika "9?". Ukurasa wenyewe ulikuwa wa maongezi ya watu wawili mlangoni, mmoja anauliza, mwingine hataki kusema ukweli. Sasa nilisikia kwamba alijibu haraka mno.